Isale la Jangwani

Nyumba ya Wanovisi,
Kilimanjaro.
12 Januari 1975

Mjomba Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Huku jua limekuwa kali mpaka sisi wa mlimani tunatafuta kivuli, sijui ninyi wa Kariakoo mnaishije. Mimi ni mzima. Nimezoea kengele ya asubuhi, nimezoea ukimya wa mezani, bado sijazoea viatu.

Sista Winifrida, mlezi wetu wanovisi, amempa kila mmoja wetu tuta la bustani. Langu nimepanda kabichi na karoti. Nilidhani ni kazi ya jikoni tu, kumbe ndilo darasa lenyewe. Kila Jumamosi kabla ya maungamo tunapalilia, na kila gugu unalong'oa unatakiwa ulitaje kimoyomoyo: hili hasira yangu, hili uvivu wangu, hili ni lile neno nililomwambia mwenzangu kule kisimani. Mara ya kwanza nilimaliza upesi nikamwita Sista aje aone. Akachutama, akachomeka kidole kwenye udongo, akaibuka na ndago pamoja na kitunguu chake. Akasema, "Mektilda, wewe umekata nywele. Hujapalilia." Wenzangu walicheka, na mpaka leo wananiita Kinyozi.

Mungu akipenda nitaweka nadhiri zangu za kwanza tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Wazazi na ndugu wanakaa pamoja kwenye mabenchi ya mbele. Mimi baba sina tena. Nina Mama, nina wewe. Nataka nikigeuka niwaone mmekaa benchi moja.

Na hapo ndipo ninapofika. Mama alikuja Jumapili ya kutembelewa. Anasema amekutumia mkungu wa ndizi kwa lori linalokuja sokoni kwenu, na katikati ya ndizi amefunga isale, kichwa kizima cha majani pamoja na shina lake. Amelikata mwenyewe. Tangu matanga ya Bibi hamjasemeshana, na anajua alikosea kukuita mwongo mbele ya wakwe zako. Wewe ni mtu wa nyumbani, hunihitaji mimi nikueleze: isale la amani likifika mkononi mwa aliyekosewa, halirudishwi, na mtu hakai nalo kimya.

Nakungoja.

Mpwa wako,
Mektilda


Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
2 Februari 1975

Mpwa wangu Mektilda,

Milele amina, na marahaba kwa wingi. Na Sista Winifrida naye salamu zake zipo, maana najua barua zenu zinafunguliwa kabla hamjazishika. Soma tu, Sista, mimi sina siri. Ila mwandiko univumilie. Niliishia darasa la nne, si kwa ujinga, mwalimu aliogopa nikiendelea nitamaliza vitabu wenzangu wakose.

Habari ya tuta lako imenifurahisha. Tuta moja! Mimi mwanangu sasa hivi ni mkulima wa kutajwa. Serikali imesema kilimo cha kufa na kupona, kila mtu alime, hata wa mjini, na mjumbe wetu wa nyumba kumi amepita duka kwa duka na jembe begani kama bunduki. Wenzangu wakajificha nyuma ya magunia. Mimi nikasema nipeni bonde la Jangwani lile lililowashinda wengine. Nimepanda mchicha. Juzi vijana walikuwa wanacheza, mpira wao ukaingia shambani kwangu, wakautafuta mpaka magharibi na mpaka leo haujaonekana. Jirani yangu Bwana Hasmukh, muuza vitambaa, ambaye hali nyama na kwa hiyo anajua mboga kuliko mimi na wewe na shirika lenu zima, aliuonja akaniambia, "Kasmir, hii si mchicha. Hii miti ya kujengea nyumba." Alikuwa anausifu.

Basi kama ni kulima, mwambie Sista wako nikija nitampa mawaidha mawili matatu. Na kama ni moyo, wangu ulipaliliwa zamani, ukabaki uwanja. Ukipita unaweza kuteleza.

Mkungu ulifika. Makuli walitaka kuuiba, nikawatazama tu, wakaurudisha. Isale nimeliona. Limo kwenye kopo la maji hapa dukani. Mwambie mama yako limefika, sijalitupa.

Lakini na wewe fikiria. Mimi niliitwa mwongo matanga yakiwa yamejaa, mama mkwe wangu ameshika kibuyu cha pombe ya mbege, watu wametoka Rombo, wametoka Marangu. "Kasmir, hata mama amezikwa leo bado unasimulia?" Nilikuwa naeleza tu jinsi daktari mkuu alivyonipigia simu. Sasa mtu anasemwa mbele ya umma wote ule, halafu anaombwa radhi ndani ya ndizi? Sina kinyongo. Nasema tu jambo hili ninalifikiria, na mimi nikifikiri huwa sifikiri haraka.

Ni mimi mjomba wako,
Kasmir, Mfanyabiashara na Mkulima wa Jangwani


Nyumba ya Wanovisi,
9 Machi 1975

Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sista Winifrida alipofika kwenye ule mpira alilazimika kukaa chini. Ameniambia nikwambie kwamba hata Shetani naye huwa na bustani inayostawi. Sijui alimaanisha nini, ila alikuwa anacheka.

Hapa ni Kwaresima. Nimejifunza jambo nataka nikusimulie, ingawa wewe ndiye msimuliaji wa ukoo. Tutani kwangu liliota gugu lenye ua la zambarau. Lilikuwa zuri, nikaliacha. Kila asubuhi nikimwagilia karoti nalo linapata lake. Sista aliliona, hakusema neno. Sasa karoti zote zilizo karibu nalo zimekuwa nyembamba kama penseli. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Ungeling'oa kwa ajili yangu."

Nimefikiri sana, Mjomba. Nadhani kuna hasira ambayo mtu anaimwagilia kwa sababu inampendeza. Anaamka nayo, anaitazama, anafurahi kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Sisemi yako. Nasema tu nimeliona hilo ua.

Mama anauliza kila akija. Anauliza kama mtu asiyeuliza. "Huko Dar es Salaam posta bado wanafanya kazi?" Namjibu wanafanya. Anasema, "Ahaa." Halafu anakunja kanga yake mapajani, anaikunjua, anaikunja tena.

Umelifanyia nini isale? Mama mwenyewe hajambo hajambo.

Mpwa wako,
Mektilda


Kariakoo,
6 Aprili 1975

Mpwa wangu,

Milele amina. Pasaka imepita vizuri, nyama ilikuwepo, sukari haikuwepo, unga ni ule wa njano wa msaada ambao wenye timu ya jezi za njano wanaula kwa fahari na wengine tunaula kwa njaa.

Unaniuliza isale. Wewe unadhani mimi ni mtu wa kuacha kitu cha dada yangu kwenye kopo? Nimelipanda! Nimelipeleka Jangwani, pembezoni kabisa mwa shamba langu, linapopakana na shamba la mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani. Watu waliniambia isale haliwezi joto la pwani. Wapi. Limeshika, limechanua majani, limenifika kifuani, na mimi si mfupi. Watu wanatoka Magomeni kuja kuliangalia. Mjumbe wa nyumba kumi ameuliza kama linaliwa. Nikamwambia hili haliliwi ndugu, hili ni la heshima, limetoka mlimani kwa dada yangu Candida. Hivyo hivyo nilimwambia, kwa jina.

Kwa hiyo mwambie mama yako isale lake limesimama hapa mjini, na anayepita analiona. Nadhani hapo nimejibu vya kutosha kwa sasa.

Kuhusu maua ya zambarau, mimi sioti hayo.

Mjomba wako,
Kasmir wa Jangwani


Nyumba ya Wanovisi,
11 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea Mama Jumapili ya kutembelewa, tukiwa kwenye kibaraza cha wageni. Niliisoma kwa furaha. Nilibadilisha hata sauti nikaiga yako. Nilipofika kwenye isale akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniuliza, "Amelipanda wapi?" Nikasoma: pembezoni kabisa mwa shamba. "Linapopakana?" Nikamjibu ndiyo Mama, linapopakana.

Akachukua kikapu chake. Akasema, "Nimesikia," akaenda kusubiri gari, na muda wa kutembelewa ulikuwa haujaisha.

Mimi ni mtoto wa juzi, nikamfuata Sista Winifrida nikamweleza. Yeye ni mzaliwa wa Kilema, mlimani hukuhuku. Akashika kichwa. Mjomba, wewe umekaa mjini miaka mingi, lakini vihamba vyetu vyote vya migomba vimezungushiwa nini? Mpaka wa Babu na wa jirani yake mzee Isidori umewekwa kwa nini, kama si kwa masale hayohayo? Mtu anakuletea isale la kuomba radhi, unalichukua, unakwenda kulisimika mpakani, halafu unampelekea salamu kwamba limesimama na kila mtu analiona. Wewe kwa Mama umesema nini?

Najua hukukusudia hivyo. Nilimwandikia kwa mkono wa jirani kumwambia hukukusudia. Hajajibu, na mwezi huu hakuja.

Mwandikie mwenyewe. Si kupitia kwangu. Hata mstari mmoja. Jirani atamsomea.

Mektilda


Kariakoo,
8 Juni 1975

Mpwa wangu,

Milele amina. Nilichelewa kujibu, dukani kulikuwa na ukaguzi.

Ninyi wanawake wa mlimani mna tafsiri nyingi. Mtu kapanda mti, basi imekuwa kesi ya ardhi. Mimi nilipanda kwa upendo. Pembezoni ni kwa sababu katikati kuna mchicha.

Lakini usihofu, hili nimeshalimaliza kichwani. Sitaandika barua. Barua ni maneno ya kuficha kwenye bahasha, na jambo hili lilianza mbele za watu. Nitakuja tarehe 15 Agosti. Bwana Hasmukh amenitafutia kitambaa cha suti ambacho nchi hii hakijaingia tangu uhuru, na kwa mama yako kitenge cha kumfanya Askofu asahau mahubiri. Misa ikiisha, watu wakiwa kwenye chakula, nitagonga glasi nisimame. Nitamwita dada yangu kwa jina lake. Nitasema, "Candida, ulinisema mbele ya watu, nami mbele ya watu nakusamehe." Nimekwisha kuipanga hotuba yote. Bwana Hasmukh ameisikiliza mara kadhaa, amesema ni ndefu lakini inaliza. Mke wake Kusum alilia kweli, ingawa Kiswahili chake ni cha sokoni.

Miezi miwili tu. Yeye aliweza kungoja tangu matanga, hii itamshinda?

Mjomba wako,
Kasmir


Nyumba ya Wanovisi,
13 Julai 1975

Mjomba Kasmir,

Mama alianguka migombani wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Majirani walimkuta amelala upande, mundu bado mkononi. Hakufa. Mdomo umekwenda kando, mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii, na hasemi. Sauti inatoka lakini si maneno. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema ni kumtunza.

Sista Winifrida aliniruhusu niende siku moja. Alinijua. Nadhani alinijua.

Sasa nisikilize, maana nina la kwako na la kwangu. Mkono ule ulianza kufa ganzi tangu Februari. Kule kukunja kanga nilikokuandikia, alikuwa anaujaribu. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akija kwa sababu naumwa atakuwa amemhurumia mgonjwa. Hatakuwa amemsamehe dada yake." Nikatii. Nikakuandikia hajambo.

Nimekaa na tuta langu wiki hii nikijiuliza kama ilikuwa ni utii. Mjomba, ningekuandikia maneno mawili tu, Mama anaumwa, ungepanda basi siku hiyohiyo, nakujua. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuzipenda barua zangu. Nilitaka uje kwa sababu ya ua la zambarau. Nilitaka nikigeuka kanisani niwaone mmekaa benchi moja nami niseme moyoni, hii ni kazi ya mikono yangu. Miezi yote hii nimepalilia moyo wako kwa bidii, na wangu una ndago mpaka mlangoni. Na ni mimi niliyemsomea ile barua kwa kuiga sauti yako, akadhani ni wewe unayemcheka.

Usingoje Agosti.

Mektilda


Kihambani, kwa mama yako,
3 Agosti 1975

Mektilda,

Niko hapa. Nilikuja siku ileile barua yako iliponifikia. Bwana Hasmukh alilifunga duka langu kwa kufuli lake. Suti sikuja nayo.

Nitaandika polepole, nisiharibu.

Hakuna isale Jangwani. Sikulipanda. Lilikaa kwenye kopo chini ya meza ya duka, maji yakakauka, sikuongeza. Lilipokuwa jeusi Kusum akaniuliza kama ni la dawa, nikamwambia ndiyo. Shamba lenyewe mafuriko ya mwezi wa nne yalikuwa yamelizoa siku chache kabla sijakuandikia. Nilikuandikia natazama matope. Nilitaka ionekane nimelitunza bila kulijibu. Lile neno la kunisema hadharani halikuwa linaniuma kiasi hicho, mwanangu. Lilikuwa linanifurahisha. Nilikuwa na dada ananiomba, na sijawahi kuombwa na mtu. Nilitaka aombe tena kidogo.

Candida amenijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na hadithi yangu hata moja hajawahi kuiamini. Nilimwambia nimemwona chui, akaniuliza paka huyo alikuwa wa nani. Kati ya zote, akaenda kuiamini hii.

Nilimkuta amekaa nje ya mlango, wamemwegemeza kwenye magunia. Nikapiga magoti. Watu walikuwepo, mzee Isidori na wanawe, sikuwafukuza wala sikuwatazama. Nikamwambia kwa Kichaga kwamba nimekusamehe dada, nilikuwa nimekusamehe siku uliponitumia isale, niliona raha tu kukucheleweshea. Nikamwambia hakuna mpaka, sikupanda mpaka, sikupanda kitu. Nikamwambia sasa ni zamu yangu kuomba, maana kosa langu limepita lako.

Wanakijiji wameniuliza alisemaje. Mmoja nilimwambia alinibana mkono. Wa pili nikamwambia alinibana mkono akatoa chozi. Nilipokuwa naanza na wa tatu nikanyamaza.

Na barua hii nilikuwa nimeiandika kwanza vingine. Humo alitabasamu kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi, akanipapasa kichwa. Iliandikika vizuri sana. Ungeliishika ungelia, ungekwenda kwenye nadhiri zako na moyo mweupe. Nimeichana.

Ilikuwa hivi. Alinitazama. Kisha akatazama migomba. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa mapajani na haukusogea. Baadaye akafumba macho, sijui ni usingizi. Kama alinisikia akakubali, au alinisikia akakataa, au alisikia sauti tu akaona ni Kasmir anasimulia, mimi sijui. Nimekaa naye siku hizi zote na bado sijui. Wewe ni mtoto wake, ningependa nikuletee kitu. Sina.

Sasa, tarehe 15 usinitafute kanisani. Hawezi kusafirishwa, na wote wa hapa wanataka kuja kukuona, hata yule binti anayemwosha. Nimewaambia waende. Nitabaki naye mimi. Uji anaula kwa shida, lazima mtu amshike kidevu na kumngoja ameze kabla ya kijiko kingine, na asiharakishwe. Ukimsemesha wakati wa kumeza anapaliwa. Kwa hiyo ninamlisha kimya.

Na wewe hilo la kuzipenda barua zako usilibebe peke yako kwenda nalo altareni. Mwambie Sista Winifrida. Mimi nimeshamwambia Padri wangu hapa.

Usiniombee nijibiwe. Niombee nisichoke.

Mjomba wako,
Kasmir